Kibiriti Nilichokitoa Kitungani Mwako

Riziki mwanangu,

Kile kibiriti unachokitafuta hakikuibwa na watu wa kamioni. Nimekitoa mimi. Papa yako alikiweka chini ya vitenge vyako, kati ya sabuni na sahani za bati, nami nikasubiri atoke kwenda kuangalia mbuzi, nikaingiza mkono ndani ya kitunga, nikakitoa. Sasa kiko juu ya kabati, hakijafunguliwa. Basi kabla hujaanza kununa na kusema mama yako amezeeka vibaya, kaa kwenye hicho kitanda chako kipya cha Walikale, usome.

Naandika mchana huu mvua ikinyesha. Wewe umekwenda kumuaga mama yako wa ubatizo kule ng'ambo ya kilima, na najua atakushika mpaka jioni na maharagi yake yasiyoiva. Mwandiko wangu unaujua. Masista walinifundisha kuandika nikiwa tayari nina watoto, na herufi zangu mpaka leo zinapanda na kushuka kama njia za huku kwetu Karuba. Soma polepole, na pale ambapo wino umetapakaa ujue ni paa linalovuja, si machozi. Machozi nitayatoa kesho kamioni ikiondoka, nisikudanganye.

Mambo ya kupika sombe, ya kufua, ya kumnyamazia mume akiwa na hasira, sitayagusa. Mashangazi zako wamekuambia hayo wiki nzima, na nilikuona unavyosinzia katikati yao huku unaitika "ndiyo, mama." Mimi nina jambo moja tu, na jambo hilo ni moto.

Nianze na siku ile ya mahari. Mama yake Donati mume wako alipokushika mikono, akageuka kwa dada yake, akasema bila hata kushusha sauti, "Hawa wa milima wanajua viazi tu. Bugali ya muhogo itamushinda huyu." Watu wakacheka, hata baadhi ya watu wetu. Nilikuona ukiuma mdomo. Wageni walipoondoka ukanifuata jikoni, ukaniambia, "Mama, yule mama sitamuomba kitu. Hata chumvi, siombi." Ukasema utakuwa na kila kitu chako ndani ya nyumba yako, mlango umefungwa, na yeye akae kwake.

 Niligeuza viazi nisikutazame, kwa sababu maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, kwa lugha ya kwetu, nikiwa na umri kama wako. Nayo yalinitesa karibu mwaka mzima. Nyumba aliyojengewa Mwalimu Donati iko katika uwanja wa mama yake, ukuta kwa ukuta, utamsikia hata akipiga chafya. Mtu akiamua kutozungumza na jirani wa namna hiyo, anaishi kama mgonjwa. Hilo ndilo ninaloliogopa, Riziki. Siogopi umbali, wala mvua ya Walikale, wala bugali ya muhogo, maana bugali utajifunza. Naogopa usije ukakaa peke yako katikati ya watu, kama nilivyokaa mimi.

Unajua kwamba nilizaliwa porini, Buleusa, upande huo huo wa Walikale, lakini sidhani kama nimewahi kukueleza moto wa kule. Msitu ni mkubwa na magogo yamejaa. Unalaza gogo zima chini, kichwa chake unakisukuma kwenye mafiga, linaungua taratibu, na asubuhi unapuliza tu, linaamka. Nimekua bila kuona jiko baridi. Na neno lenyewe, moto, kwetu lilikuwa kama jina la mahali. Ukiuliza papa yuko wapi, unaambiwa, "Iko ku moto," na maana yake yuko pale wanaume wanapokaa, wanazungumzia mitego na mashamba ya ndizi, usimsumbue. Mwindaji akirudi anapita kwanza kwenye moto kabla ya kuingia kwake. Kuomba moto kwa mtu mwingine hatukujua. Nani angeomba kitu ambacho kila nyumba inacho?

Papa yako aliponioa, mama yangu hakulala vizuri kwa kufikiri kwamba binti yake anakwenda nchi ya baridi, kwa watu wanaochunga ng'ombe katika ukungu. Asubuhi ya kuondoka akanitengenezea chungu kidogo. Ndani aliweka majivu, na ndani ya majivu makaa, pamoja na ule uyoga mkavu wa miti unaoshika moto bila kuwaka, akafunika kwa majani. Akaniambia, "Usiombe mutu. Nenda na moto yetu."

Tukapanda milima kwa miguu, mimi na wajomba zangu. Kila tulipopumzika nilifungua kile chungu nikapuliza. Niliungua vidole. Mvua ilipotupiga juu ya Masisi nilikikumbatia chini ya kitenge, mimi nikalowa, chungu kikabaki kikavu. Wajomba wakanicheka, wakasema bado sijazaa na tayari nina mtoto. Nilikuwa na fahari, mwanangu, fahari ya kijinga ambayo hata leo nikiikumbuka natabasamu. Tulifika Karuba jua likiwa limeshuka. Kesho yake, watu walipoamka, moshi ulikuwa unatoka kwenye paa langu.

Sasa, wewe umezaliwa hapa, kwa hiyo kosa langu umeshaliona. Mimi sikuliona. Huku milimani kuni ni shida, watu wanapikia mabua na matawi membamba, na moto unazimika mara kwa mara. Asubuhi mwanamke anatoka nje, anaangalia ni paa la nani linatoa moshi, anachukua kigae chake, anakwenda kuomba makaa. Kesho itakuwa zamu ya huyo mwingine kuja kwake. Na mwanamke mgeni aliyeolewa kilimani, asubuhi yake ya kwanza, anakwenda na kigae kwa jirani wa karibu. Anaomba moto. Jirani anamkaribisha, anamlisha, anamuuliza ukoo wake, anampa makaa, na tangu siku hiyo huyo ni mtu wao. Hakuna anayemfundisha bibi arusi jambo hilo, kwa sababu hakuna bibi arusi wa milimani asiyelijua. Papa yako naye alikuwa mwanaume, mambo ya milango ya wanawake hakuyajua. Aliona jiko linawaka, akafurahi, akaomba chakula.

Watu wa Karuba waliona moshi wangu wakaelewa kile ambacho mtu yeyote wa huku angeelewa. Huyu wa pori amekuja na moto wake. Hatutaki.

Hawakunitukana. Afadhali wangenitukana, ningejua pa kushika. Nikienda kisimani walinisalimia vizuri, wakanipisha, wakanyamaza mpaka nipite, kisha maneno yakaendelea nyuma yangu. Hakuna aliyenipitia kwenda kukata kuni. Hakuna aliyekuja kukaa. Nikafikiri ni kwa sababu ya pori, kwamba wanasema tunakula nyani, kwamba wanaona kinyaa kwa mikono yangu. Basi na mimi nikakaza shingo. Nikasema kwa lugha ya kwetu, peke yangu jikoni, kwamba hawa sitawaomba kitu, hata chumvi.

Papa yako alikuwa anafanya kazi ya barabara, anaondoka anakaa huko majuma mengi. Nilibaki na ule moto. Niliulea. Nilikwenda mbali kutafuta kuni nene, nikazibeba mgongoni, kamba ikinikata paji la uso, ili usizimike kamwe, na wanawake walinitazama napita na mizigo ile bila kuelewa mtu mmoja anapikia nini. Nilikuwa nazungumza nao ule moto. Niliuambia habari za siku. Nikashika mimba yako, na mtu wa kwanza kuambiwa hakuwa mtu.

Wewe ulizaliwa mwanzo wa mvua. Shangazi yako alikuja kutoka kwake akanizalisha, akakaa, kitovu chako kikaanguka, akarudi kwa watoto wake. Papa yako alikuwa barabarani. Kisha homa ikanishika, nikalala usingizi mzito na wewe kifuani. Nilipoamka kulikuwa kumekucha, mvua inapiga, na paa lilikuwa limevuja juu ya mafiga. Nikatia mkono kwenye majivu. Yalikuwa baridi na yameshikana kama udongo.

Nilipuliza, Riziki. Nilipuliza mpaka majivu yakanijaa machoni. Moto wa mama yangu, niliotoka nao Buleusa, ulikuwa umekufa kwa tone la maji. Nikalia kama nimefiwa. Na wewe ulikuwa umeloa, vitambaa vyote vimeloa, midomo yako ilianza kubadilika rangi, na hukulia kwa nguvu tena, ulikuwa unatoa kisauti kidogo tu. Niliogopa kwa namna ambayo sijaogopa tena, hata miaka ile ya vurugu.

Ndipo nikasikia mtu anakohoa nje, kwenye migomba.

 Akakohoa tena. Kikohozi hicho hakikuwa cha ugonjwa.

"Ni nani?" nikauliza.

"Njo mimi, mama ya Bahati. Ninapita tu."

Unakijua kile kipande cha nyuma ya nyumba yetu. Ni migomba, kisha korongo. Hakuna mtu anayepita pale kwenda popote, hasa mvua ikinyesha. Huyo alikuwa jirani yetu wa ukuta wa chini, mwanamke mkavu mwenye sauti nene, ambaye tangu nifike hatukuwa tumevuka salamu.

"Mutoto iko muzima?" akauliza.

"Iko. Anasikia baridi."

"Eeh. Baridi iko mingi leo."

 Mvua. Akakohoa. Mimi nikawa nafikiri kwamba amekuja kuniona nimeanguka, akawahadithie wenzake kisimani. Neno lilikuwa hapa kooni na sikutaka kulitoa. Kisha nikakuangalia wewe. Sijui kama ulinitazama kweli au ni homa, ila niliona macho yako yamefunguka.

"Mama," nikasema, "naomba moto."

"Unasema nini? Mvua inapiga, sisikie!"

"Naomba moto, mama! Moto yangu imezimika!"

"Aah! Njo unasema sasa!"

Na hapo hapo akaingia. Hakurudi kwake kuchukua kitu. Alifungua kitenge chake, na chini yake, kwenye tumbo, alikuwa ameshika kigae cha makaa, yamefunikwa majivu vizuri, bado mekundu. Kitenge kilikuwa kimeungua tundu. Alikuwa na moto tangu mwanzo, amesimama nao kwenye mvua, anakohoa.

Alipiga magoti akawasha kwa mabua aliyokuja nayo kwapani, akakuchukua, akakuvua vile vitambaa, akakuweka kifuani mwake ndani ya nguo.  Nilimuuliza, "Mama, kwa nini haukuingia?"

"Na wewe, kwa nini haukuomba?" Alinikasirikia kweli. "Nitaleta moto ku nyumba ya mutu asiyeomba? Watu watasema nimekuja kuchoma nyumba yake." Kisha akatulia, akawa anakusugua mgongo, akasema bila kunitazama, "Asubuhi yako ya kwanza hapa, nilifagia mulango. Nilipika viazi. Nilikungojea, mama. Kisha niliona moshi."

Riziki, nimesikia maneno mengi maishani, mazuri na mabaya, lakini hayo ya viazi ndiyo yaliyonivunja. Miezi yote ile nilidhani watu wamenifungia mlango, kumbe mlango ulifagiwa kwa ajili yangu na viazi vikapoa.

Kufikia mchana kilima kizima kilikuwa kimejua. Wanawake wakaja mmoja mmoja, kila mmoja na uongo wake. Huyu alikuwa anatafuta kuku, yule aliona paa letu linavuja. Walijaa humu ndani mpaka wengine wakakaa juu ya kitanda changu. Wakanitania bila huruma. Ndipo nilipojua jina walilokuwa wananiita kisimani, Mama Moto-Yangu. Uliwahi kuniuliza kwa nini wazee wa hapa wananiita hivyo, nikakuambia ni mambo ya zamani, nenda ukachote maji. Haya, sasa umejua.

Tangu siku hiyo nilijifunza upya neno ambalo nilidhani nalijua tangu utotoni. Huku ukisikia "tuko moto moja na mama fulani," maana yake wanapeana, wanalishana watoto, siri ya mmoja iko kwa mwingine. Ukisikia "moto yao imekatika," ujue kuna ugomvi, na usiulize ni nani aliyeanza. Mtu akija kuomba moto asubuhi, ujue makaa ni sehemu ndogo ya safari yake. Anakuja kukuangalia usoni kama umelala, kama mume amekupiga, kama mtoto bado anaharisha. Anasimama mlangoni kigae mkononi, anasema anaharakisha, na makaa yanakuwa majivu kabla hajaondoka, inabidi apewe mengine. Mapadri walipotuhubiria kwamba waovu wataingia motoni, mama yake Bahati alinipiga kiwiko kanisani, akaninong'oneza, "Na nani atawapa?" Nilicheka mpaka katekista akanikunjia uso. Sijasema padri alikosea. Nasema tu kwamba sisi tulikuwa na moto wetu mwingine.

Kisha vibiriti vikawa vingi madukani, na wewe ukiwa mtoto hukuona sana watu wakibeba vigae. Kila nyumba ikawa na kiboksi chake. Ni kitu kizuri, sikisemi vibaya. Usiku mtoto akiugua unakwaruza mara moja unaona uso wake. Lakini asubuhi watu wakaacha kutoka, na mtu aliweza kuumwa siku nyingi bila jirani kujua. Halafu baada ya uhuru zikaja zile vurugu, maduka ya Mushaki yakabaki rafu tupu, hakuna chumvi, hakuna mafuta, hakuna kibiriti. Hayo unayakumbuka. Unakumbuka nilivyokutuma kwa mama yake Bahati na kigae, ukarudi unakimbia dhidi ya upepo, cheche zikakuchoma nywele za mbele, na papa yako akakuita Kiparapara mpaka zilipoota. Tulikuwa na hofu na njaa wakati ule, sitausifu. Ila nakiri kwamba nilikuwa natoka nje asubuhi, naangalia moshi uko wapi, na moyo wangu ulikuwa mwepesi.

Mama yake Bahati hukumuaga, kwa sababu mwaka jana tulimzika. Ulilia siku ile kuliko wajukuu zake, na watu walishangaa. Mimi sikushangaa, maana ngozi yako iliwahi kupashwa moto na ngozi yake. Sasa katika nyumba ile yupo Bahati na mke wake mpya, yule msichana wa Rubaya. Ametoka kilima cha pili tu, si mbali. Amekuja na kibiriti. Asubuhi moshi unatoka, mlango umefungwa, anaenda kisimani, anarudi. Nimekuwa nikisema moyoni kwamba ni mkimya, kwamba anajiona. Unasikia mwenyewe ninavyosema. Mimi, Mama Moto-Yangu.

Jana papa yako alipoleta kile kibiriti tulibishana kidogo, wewe ukiwa nje unafua.

"Utamutuma mutoto pori bila moto?" akaniuliza.

"Ataomba."

"Kwa nani?"

"Kwa mama mukwe wake. Iko pale pale."

"Yule mwenye alimucheka?"

"Njo huyo huyo."

Akanitazama sana. Papa yako ni mtu mpole, hawezi kugombana kwa muda mrefu, anachoka. Akasema, "Wewe ulinibebea moto kutoka Buleusa, sasa unamukatalia mutoto kibiriti." Nikamwambia kwamba ndiyo sababu. Akatikisa kichwa, akakiweka kitungani hata hivyo, kwa sababu anakupenda na hajui njia nyingine ya kuonyesha hilo. Ukimwandikia mshukuru kwa kibiriti. Usimwambie nimekitoa, nitamwambia mwenyewe.

Sasa kuhusu yule mama, acha nikuambie kitu ambacho sikukuambia siku ile. Alikucheka, na iliniuma. Mimi ni mtu wa pori kama yeye, nilikuwa na majibu ya kumtosha, na kwa lugha ambayo angeyaelewa mpaka kwenye mifupa. Lakini walipokuwa wanaondoka alibaki nyuma ya wengine. Alinishika kiwiko hapa kwenye ngazi ya mlango, na sauti yake ilikuwa nyingine kabisa. Akaniuliza, "Mama, mutoto wako anapenda kula nini?" Na mimi, Riziki, na miaka yangu yote, na viazi vya mama yake Bahati ndani ya moyo wangu, nilimjibu, "Viazi tu." Nikaona mkono wake unaniachia kiwiko. Akaitika, akaenda zake.

Ameniuliza kwa upole, nikamrudishia maneno yake usoni. Nimelifikiria jambo hili kila siku tangu hapo. Yule mwanamke ana mtoto mmoja wa kiume, amemlea bila baba, na kuanzia juma hili chakula cha mtoto wake kitapikwa kwenye jiko lingine. Sisemi alifanya vizuri kukucheka. Nasema tu kwamba mtu anayeuliza unapenda kula nini, labda yuko njiani kufagia mlango.

Utafika Walikale jioni, umechoka, na huyo Donati wako atataka kukuonyesha nyumba. Jiko litakuwa baridi. Nenda ukuta wa pili, kwa mama mkwe wako, na kile kigae nilichokufungia ndani ya kitenge cha bluu. Ndiyo, hicho ulichodhani ni kipande cha chungu kilichovunjika, ukataka kukitupa. Kilikuwa cha mama yake Bahati, Bahati amenipa kwa ajili yako. Kule porini hawana desturi hii, kama nilivyokueleza, magogo yao hayazimiki. Atashangaa. Labda atadhani wewe ni mvivu, labda atasema neno lingine la milima na viazi. Mwambie njo vile tunafanya kwetu. Mwanamke akifika anaomba moto kwa mama wa karibu. Hatakuwa amewahi kusikia kitu kama hicho, na kwa kadiri ninavyowajua watu wa kwetu, hatakisahau.

Mimi nilibeba moto wa pori nikaja nao milimani, ukanikalia vibaya. Wewe huna moto wa kubeba. Una kigae kitupu tu, na mimi mama yako naogopa kwa ajili yako kuliko mama yangu alivyoogopa kwa ajili yangu. Inawezekana nimekosea. Inawezekana utasimama pale mlangoni usikie aibu, unilaani mimi na kabati langu. Kama hivyo ndivyo, niandikie, nitakutumia kibiriti na kamioni ya kwanza, na sitakuuliza kitu.

Lakini sitaki ujaribu peke yako. Kesho ukishapanda, na papa yako akishamaliza kujifanya ana vumbi machoni, nitarudi nyumbani nimwagie maji mafiga yangu. Nitayamwagia kabisa, majivu yashikane. Halafu nitachukua kigae, nitashuka kwenye migomba mpaka kwa yule msichana wa Rubaya, nisimame mlangoni pake. Mimi mtu mzima, na kibiriti kiko juu ya kabati langu. Kwa hiyo wakati wewe unasimama kule na kigae kitupu, ujue kwamba siku hiyo hiyo hata mimi nilisimama huku, na changu pia kilikuwa kitupu.

Nasikia sauti yako kwenye njia, unacheka na mtu. Naacha hapa, nifiche karatasi kitungani, pale kilipokuwa kibiriti.

Ukifika mlangoni kwake, kohoa kwanza. Na kama mvua inapiga, mwanangu, sema mara mbili.

Mama yako